Kazi za mtandaoni zisiwe nje ya sheria

Kwa vijana wa Kenya waliotegemea Remotasks, jukwaa la kazi za mtandaoni, riziki ilikatika Machi 2024 kwa barua pepe. Akaunti zilifungwa, na hapakuwa na afisi ya kwenda kulalamika.

Serikali haiwezi kujitoa katika suala hili. Tangu 2016 imekuwa ikiwanadia vijana kazi za mtandaoni kupitia mpango wa Ajira Digital, kisha ikaahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya wadi 1,450 nchini. Kijana aliyehitimu akaambiwa asisubiri kazi ya afisi alitii. Alitafuta tarakilishi, akanunua bando, akakesha akichora miraba kuzunguka magari na wapita njia, picha baada ya picha, ili gari la ng'ambo lijifunze kujiendesha. Mraba ukipinda, kazi inakataliwa.

Kazi yenyewe ni kuifundisha mashine isimhitaji tena. Kibarua hicho si haramu, lakini kumwambia kijana kwamba ndiyo taaluma ya maisha ni kumhadaa.

Malipo nayo yanajulikana. Januari 2023, jarida la Time lilifichua kuwa wafanyakazi jijini Nairobi waliosoma maandishi ya ukatili na unajisi wa watoto, ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwaka huohuo, zaidi ya wakaguzi 180 wa maudhui ya Facebook walienda kortini dhidi ya Meta, kampuni inayoumiliki mtandao huo. Meta ilishikilia kuwa haiwezi kushtakiwa Kenya; Mahakama ya Rufaa ikatupilia mbali hoja hiyo Septemba 2024. Majaji wamelazimika kuziba pengo ambalo wabunge waliliacha wazi.

Pengo hilo si la kutafutwa kwa kurunzi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe ilani isiyopungua mwezi mmoja na amjulishe afisa wa leba. Mchuma majani chai wa Kericho ana kifungu hicho, angalau kwenye karatasi, mashine ya kuchuma inapoingizwa shambani. Mchora miraba hana, kwa sababu kampuni imemwita mkandarasi huru na hakuna aliyeiuliza kwa nini.

Bunge lirekebishe fasili ya mfanyakazi katika sheria hiyo. Kampuni inayopanga kazi, inayoweka bei na yenye uwezo wa kumfungia mtu akaunti ndiyo ithibitishe kwamba si mwajiri, na ile ya kigeni inayovuna faida isijifiche nyuma ya wakala wake wa Nairobi. Wizara ya Leba, ambayo wakaguzi wake huonekana viwandani, ieleze ni nani anayekagua majukwaa haya.

Wizara inayosimamia teknolojia nayo iache kuhesabu waliopewa mafunzo kana kwamba wameajiriwa. Ichapishe, kaunti kwa kaunti, ni wangapi wangali na kazi mwaka mmoja baada ya mafunzo, na hubaki na shilingi ngapi kwa mwezi wakishalipia intaneti na umeme. Kabla ya hesabu hiyo kuwekwa mezani, Kamati ya Bajeti isiidhinishe hata senti moja ya kujenga vituo zaidi.