Mzee Akiweweseka Usiku, Tuanze na Mfuko wa Dawa

Miongoni mwa maombi yanayofika ofisi ya msikiti, aghalabu baada ya sala ya Isha, ni kutakiwa watu wa kwenda kumsomea mzee. Maelezo hufanana. Bibi ambaye juzi alikuwa akihesabu fedha zake mwenyewe, leo anazungumza na watu wasiokuwepo, anadaka vitu hewani, na moyo unamwenda mbio. Familia imekwisha kuamua kuwa ni mashetani, au kuwa ni uzee tu. Kumsomea mgonjwa ni jambo jema, wala halikataliwi. Lakini lipo swali ambalo ni haki yake kuulizwa kwanza: wiki hii amemeza nini?

Mishipa ya fahamu haigusani na viungo inavyoviamuru. Baina yake pana mwanya mdogo mno, na amri huvuka mwanya huo kwa kemikali. Mwaka 1921 Otto Loewi, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi mjini Graz, Austria, aliusisimua mshipa wa fahamu unaokwenda katika moyo wa chura hata mapigo yakapungua, kisha akachukua maji yaliyokuwamo moyoni na kuyatia katika moyo wa chura wa pili. Moyo ule nao ukapunguza mwendo, ilhali mshipa wake haukuguswa. Kemikali hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Asetilikolini hufanya kazi kwa kuingia katika vipokezi, mfano wa ufunguo na kufuli. Kundi moja la vipokezi hivyo huitwa vya muskarini, kwa jina la sumu ya uyoga iliyosaidia kuvitambua, navyo ni vya aina 5. M1 imeenea katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na kufikiri. M2 ndiyo iliyotawala moyoni, na kazi yake huko ni breki. M3 imo katika tezi za mate na jasho, utumbo na kibofu. Dawa inayoviziba ni ufunguo usiokuwa wake uliokwama ndani ya kufuli: haufungui, na ule wa kweli hauingii.

Lau kila dawa ingeziba aina moja tu, mambo yangekuwa mepesi. Nyingi hazichagui. Atropini, ambayo hospitalini huokoa maisha ya aliyemeza sumu ya kuulia wadudu au ambaye moyo wake umezidi kupungua mwendo, huziba zote. Imo katika mnanaha unaoota majalalani, na ndugu zake wamo katika mmea wa banji ambao Ibn Sina aliuandika katika kitabu chake cha tiba.

Dawa za nyumbani zenye tabia hii si ngeni kwetu. Piriton ya mafua na muwasho, Phenergan ya kichefuchefu, amitriptilini anayopewa mwenye kisukari ambaye miguu inamwaka moto, na baadhi ya dawa za kutuliza kibofu. Kila moja ina manufaa mahali pake. Kijana akimeza Piriton husinzia na kukauka kinywa, na kesho amekwisha kusahau. Mtu wa miaka 75 ni habari nyingine: uwezo wa ubongo wake kustahimili umepungua, ini na figo huchelewa kuitoa dawa, na mara nyingi zimo nyingine mbili tatu mwilini. Daktari wa sukari ameandika moja, muuza dawa wa mtaani ametoa ya pili, mjukuu mwenye huruma ameongeza ya tatu. Kila mmoja ametenda kwa nia njema, na kipokezi hakijui dawa imetoka kwa nani.

Hapo M1 huzibwa na mzee akapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. M2 ikizibwa, breki hulegea na mapigo hupanda hata akiwa amelala. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyosinyaa hilo si jambo dogo. M3 nayo haisalimiki, na ndiyo itoayo ushahidi: ulimi mkavu, ngozi ya moto isiyo na jasho, mboni zilizopanuka, choo kigumu, mkojo unaogoma. Sijapata kusoma popote kuwa jini hukausha mate na kufunga mkojo kwa pamoja. Buscopan imo katika ukoo huu, ila umbile lake huizuia kuvuka kwa wepesi ukuta unaoulinda ubongo, moyoni inafika.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu 3,434 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Waliotumia dawa hizi kwa wingi na kwa miaka walipatwa zaidi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Hilo halithibitishi kuwa dawa ndiyo sababu, lakini latosha kutuzuia kumpa mzee Piriton kila usiku ili alale.

Kusanyeni basi dawa zake zote, za cheti, za dukani na za mitishamba, katika mfuko mmoja, mumpelekee daktari au mfamasia, mkimwuliza ni zipi zinazoziba asetilikolini na kama upo mbadala. Kwa mafua ya mzio, loratadini huugusa ubongo kidogo zaidi. Mtajieni kama mzee ana tezi dume au presha ya macho. Msiikatishe amitriptilini ghafla bila ushauri. Na anayeweweseka kwa ghafla apelekwe hospitali usiku huohuo, kwani malaria, sukari iliyoshuka na maambukizi ya mkojo huleta hali kama hiyo. Wasomaji wa dua watamfuata hukohuko wodini.