Muuguzi akikutuliza, nani atabaki akitazama kifua chako?

Bega likiteguka kwa ajali ya bodaboda pale Rongo ama Mbita, kulirudisha si kazi kubwa. Kazi ni maumivu. Misuli inakaza, mgonjwa anapiga nduru, na kama hakuna wa kumpa dawa ya kumtuliza, njia zinabaki mbili: ashikwe na watu watatu akiambiwa avumilie, ama aandikiwe rufaa na familia ianze kuchanga nauli. Ni hivyo hivyo kwa mama ambaye kondo la nyuma limekwama, na kwa mtoto aliyeungua akibadilishiwa bendeji.

Dawa zenyewe zipo kitambo. Hatuzungumzii nusukaputi kamili. Huu ni usingizi nusu: mgonjwa anasinzia, lakini ukimwita anaitika, na anapumua mwenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitoa.

Piga hesabu. Shirikisho la dunia la madaktari wa nusukaputi linapendekeza angalau mabingwa 5 kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2019 ilipata watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Kwa kipimo hicho, kaunti hizi mbili zinahitaji mabingwa zaidi ya 110. Hata Kenya nzima haijakaribia kipimo hicho, na wengi wa walioko wako miji mikubwa.

Ndiyo maana wazo la kuwafunza wauguzi lina mashiko. Na si geni. Hospitali ya Kijabe imefunza wauguzi kutoa nusukaputi kwa miaka mingi. Mwaka 2013, huku huku magharibi, hospitali ya Sagam ilianza mradi na Massachusetts General Hospital ya Marekani, ambapo wahudumu wasio wataalamu wa usingizi walifunzwa kutumia ketamini kwa upasuaji wa dharura pale mtaalamu anapokosekana.

Lakini tusidanganyane: kudunga sindano ndiyo sehemu rahisi. Kila mwili unapokea dozi kivyake. Ulitaka mtu asinzie, yeye akazama. Ulimi unarudi nyuma, pumzi inapungua, na hakuna kelele ya kukushtua. Mafunzo ya maana ni yale yanayomfundisha muuguzi kumrudisha mtu huyo: kuinua taya, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa, kusoma kipimo cha oksijeni kidoleni. Midazolamu ina dawa ya kuizima, flumazenili. Mofini ina naloksoni. Ketamini kwa kawaida haibani pumzi kama hizo, ila haina dawa ya kuizima. Ikizidi, unamlinda mgonjwa mpaka iishe yenyewe.

Na hapo ndipo pesa zinaingia. Kanuni ya kazi hii ni kwamba anayemlinda mgonjwa asiwe yule anayerudisha bega. Macho yake yawe kwa kifua na ile mashine tu. Sasa fikiria kituo cha afya usiku, muuguzi ni mmoja, mama anajifungua chumba cha pili. Hata awe na cheti cha dhahabu, hawezi kujigawa. Ukimpa ujuzi bila mwenzake, umempa hatari ya kubeba peke yake, na mambo yakiharibika ni yeye atakayeitwa kujieleza, si aliyekataa kuajiri.

Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo swali ni la magavana na mabunge yao. Siku wauguzi watapigwa picha na vyeti vyao, vijana wa Migori na Homa Bay waulize: kila kituo kina kipimo cha oksijeni na mfuko wa hewa? Muuguzi analindwa kwa maandishi? Na zamu ya usiku ina watu wangapi? Jibu la hilo la mwisho likiwa "mmoja", basi heri rufaa, hata kama nauli inauma.