Ukivuka Rusumo, Weka Sawa na Taa

Ndugu dereva wa lori, wa basi, wa gari la IT (linalopitishwa kwenda nchi jirani), na wewe unayepeleka familia harusini Kigali kwa gari lako mwenyewe: ukivuka daraja la Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda unahama upande wa barabara. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Kuhama upande hatusahau, maana anayesahau anakutana na gari uso kwa uso. Tunazosahau ni taa za mbele, kwa sababu madhara yake humpata kwanza anayekuja mbele yetu.

Taa ikishushwa haimuliki sawa pande zote. Gari la barabara za kushoto, kama haya mengi yatokayo Japani, mwanga wake wa kulia hubaki chini usimpige machoni anayekuja. Wa kushoto huinuliwa kidogo, dereva apate kumwona mtembea kwa miguu, baiskeli na alama za pembeni. Sasa ukiingia Rwanda, kushoto ndiko wanakotokea wanaokuja. Umeshusha taa kwa adabu zote, na bado unampofua mwenzako. Na kulia kwako, wanakopita watu wanaorudi makwao kwa miguu, ni giza. Dereva wa Kigali au Bujumbura anayeshuka Dar es Salaam na taa zake za kwao, naye hutuumiza hivyo hivyo.

Kazi ya kuzirekebisha ni ndogo. Giza likiingia, simama mahali tambarare, kama mita 5 kutoka ukutani, kisha washa taa na uzishushe. Utaona mstari wa mwanga ulionyooka, halafu unapanda upande mmoja. Kipande hicho kinachopanda ndicho cha kuziba. Mwambie tingo au mwenzako apitishe vidole polepole mbele ya kioo cha taa huku wewe ukitazama ukuta. Vitakapokizima kile kipande, hapo ndipo pa tepu nyeusi. Zima taa, ipoe, futa vumbi, bandika. Kisha fanya na ya pili.

Taa za projekta, zenye lenzi ya duara kama jicho, hazirekebishwi kwa tepu hiyo. Baadhi zina wenzo mdogo wa kugeuza, na baadhi ya magari mapya hubadilishwa kwenye skrini. Soma kitabu cha gari au muulize fundi umeme. Ukikosa yote, tumia kitufe cha kuteremsha taa kama gari lako linacho, na upunguze mwendo, kwa kuwa hutaona mbali.

Ukirudi, bandua tepu hapo hapo mpakani. Watembea kwa miguu wa huku wanauhitaji mwanga ule. Na gari linalokwenda kuishi Burundi lisiishie kwenye tepu: lifungwe taa za barabara za huko.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha Rusumo vilizinduliwa Aprili 2016 ili tutembeleane na tufanye biashara kwa wepesi. Basi safari zetu zimfae mwenyeji, zisimtie shimoni usiku.

Wenye malori, wekeni tepu kwenye boksi la vifaa pamoja na pembetatu. Walimu wa shule za udereva, fundisheni jambo hili mnapofundisha alama za barabarani. Wakuu wa vituo vya mpakani vya Rusumo, Kabanga na Gatuna, tunawaomba kibao kimoja cha kuwakumbusha madereva, na ukuta mmoja mweupe wa kupimia taa kwenye maegesho. Na wewe ambaye ndugu yako anaondoka wiki hii kuelekea mpakani Ngara, mpigie simu kabla hajapakia, umuulize kama taa zake ziko tayari kwa barabara za wenzetu.