Taa kubwa ina wenyewe wawili

BARABARA YETU
Na Mwanaidi Kilindo

Soko la nguo la Shahe huamka usiku. Saa kumi, kabla hata ya alfajiri, katika pembe hii ya wilaya ya Tianhe mjini Guangzhou, vichochoro vimeshajaa wanunuzi, mikokoteni inapishana kwa kugusana, na mifuko myeusi iliyoshindiliwa nguo inaburutwa kuelekea barabarani. Jua likifika utosini wauzaji wengi wanafunga. Anayekwenda Shahe kufanya nahuo, kama Wachina wanavyouita ununuzi wa jumla, lazima awahi na aijue kazi yake.

Mdogo wangu anaijua. Anauza magauni Kariakoo, na safari iliyopita nilimsindikiza. Sikumwona akinunua gauni hata moja kwa kulitazama tu. Aliligeuza ndani nje, akavuta mshono wa kwapani kwa vidole viwili, akalowesha ncha ya leso na kusugua rangi, akapandisha na kuteremsha zipu mara tatu. Palipolegea uzi, gauni lilirudi mezani bila maneno. Ukimuuliza atakuambia kwamba gauni halinunuliwi limeremete dukani, linanunuliwa likae mwilini mwa mtu.

Mchana tulikwenda Yongfu Lu, mtaa wa spea na mapambo ya magari ulio karibu na Shahe. Shemeji alikuwa ameagiza taa za gari lake dogo. Muuzaji akatoa jozi ya balbu za LED, akaziunganisha na betri iliyokuwa juu ya kaunta, na duka zima likawa jeupe. Mdogo wangu akainua kiganja kuziba macho, kisha akasema, mkono ukiwa bado usoni: “Hizi ndizo.”

Sijaweza kuisahau picha ile. Mwanamke aliyekataa gauni kwa sababu ya uzi mmoja alikuwa tayari kununua taa kwa sababu moja tu, kwamba zinaumiza macho. Sikumlaumu, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilifunga taa kama zile kwenye gari langu, nikasafiri usiku kwenda Tanga. Kila gari lililonijia lilinimulikia, nami nilidhani madereva wale wana haraka zao. Tuliposimama Msata kunywa chai, dereva mmoja wa lori alinifuata taratibu. “Dada, samahani,” akaniambia. “Nilikuwa mbele yako pale nyuma, nuru yako ikajaa kwenye vioo vyangu. Nilikaa sekunde nzima sioni barabara wala mtu. Taa zako zinaua.” Hakunigombeza. Maneno yale yalinikaa kifuani mpaka nilipofika, na ndiyo yanayonifanya niandike leo.

Taa ya mbele ya gari ina wenyewe wawili, anayeiwasha na anayekutana nayo. Tunapobadilisha balbu tunamfikiria wa kwanza peke yake. Tunauliza kama inawaka na kama inamulika mbali. Hatuulizi nuru inakwenda kwa nani.

Wachina wanaiita taa hiyo dadeng. Da ni kubwa, deng ni taa, kwa hiyo wanasema kama tusemavyo sisi: taa kubwa. Full wanaiita yuanguang, nuru ya mbali. Dim wanaiita jinguang, nuru ya karibu. Majina hayo yanafundisha. Tofauti ya full na dim si nguvu peke yake, ni mahali nuru inapoangukia. Balbu ndogo imetengenezwa kwa ustadi mkubwa kuipeleka hapo.

Chukua balbu ya H4, inayotumika kwenye magari mengi madogo yanayokuja kwetu kutoka Japani, uiweke mbele ya macho. Ndani ya kioo utaona nyuzi mbili. Mmoja ni wa full, kwa kawaida wati 60. Wa pili ni wa dim, wati 55. Chini ya ule wa dim kuna kikombe kidogo cha chuma, kama kijiko. Kijiko hicho kinazuia nuru isifike nusu ya chini ya kiakisi cha taa, kwa sababu nuru ikigonga pale inaruka juu, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Balbu ya aina hii ipo tangu mwaka 1971, na heshima kwa dereva mwingine imefungiwa ndani yake. Ukiingiza kijiti cha LED ambacho vimulika vyake havikukaa pale ulipokuwa uzi, kiakisi kinapotea njia. Nuru inatawanyika. Wewe unaona weupe mwingi mbele yako na kudhani unaona vizuri, kumbe nuru nyingi imekwenda juu ya miti na usoni mwa wenzako.

Kubadilisha balbu nyumbani si kazi ya kuogopa, na sioni sababu ya kumlipa fundi kila inapoungua. Zima gari, acha taa zipoe. Kama taa zote mbili zimekufa kwa pamoja, angalia fyuzi kwanza. Fungua boneti, chomoa soketi nyuma ya taa, vua mpira wa kuzuia maji, bana kipini cha waya kinachoshika balbu, itoe. Soma maandishi kwenye kitako chake: H4, H7, H11. Hicho ndicho kipimo, kama namba ya kiatu. Nunua kile kile, na wati zile zile. Balbu ya wati 55 kwenye umeme wa volti 12 inavuta kama ampea nne na nusu. Ukiweka ya wati 100 inavuta zaidi ya nane, na nyaya hazikuandaliwa kwa mzigo huo. Soketi zinayeyuka polepole hadi siku zinapotoa moshi.

Ukishika balbu mpya ya halojeni, shika kitako chake. Usiguse kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi yakibaki juu yake, sehemu hiyo inapata moto kuliko nyingine na balbu inakufa kabla ya wakati wake. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa kitambaa safi chenye spiriti. Rudisha mpira ukae sawasawa, la sivyo mvua za masika zitaingia na taa itajaa jasho. Badilisha zote mbili, kushoto na kulia, kwa sababu iliyobaki imefanya kazi saa zile zile na haitakaa sana.

Foglaiti nazo zina habari zake. Kwenye magari mengi utazifikia kwa kukunja usukani, kufungua vishikizo vya plastiki ndani ya tao la gurudumu na kuzungusha balbu robo mzunguko. Lakini kabla ya kubadilisha, jiulize taa hiyo ni ya nini. Aliyeendesha alfajiri kutoka Makambako kwenda Njombe anajua. Ukungu ukishuka pale, ukiwasha full unajijengea ukuta mweupe mbele yako, kwa sababu matone ya maji hewani yanakurudishia nuru yako mwenyewe. Foglaiti imewekwa chini, karibu na lami, na nuru yake ni pana na bapa ili ipite chini ya macho yako na kukuonyesha ukingo wa barabara. Ni taa ya kutembea polepole. Kuiwasha usiku mkavu barabara ya Bagamoyo, tena ikiwa na LED ya samawati, ni kuwasumbua watu bila faida yoyote.

Kwa wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou nina jambo moja zaidi, na naomba walisikilize. China wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Dim ya taa nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za China inainua nuru yake kidogo upande wa kulia ili imulike ukingo. Ukiifunga kwenye gari la kwetu, upande huo wa kulia ndiko anakotokea mwenzio. Hapo hata balbu sahihi haisaidii, kwa sababu kosa limo kwenye kiakisi na kioo. Ukinunua taa nzima Yongfu Lu, jifunze neno moja la Kichina: youduo, usukani wa kulia. Liseme, liandike kwenye simu, usilipe mpaka umehakikisha. Kwenye balbu tafuta pia herufi E ndani ya duara yenye namba pembeni, kama E1 ya Ujerumani au E4 ya Uholanzi, alama ya kwamba imeidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Alama hughushiwa, lakini palipokosekana kabisa unajua unanunua nini.

Wachina wenyewe hawalichukulii jambo hili kirahisi. Shenzhen, katika mkoa wa Guangdong iliko pia Guangzhou, mwaka 2016 polisi wa barabarani waliwakalisha kwenye kiti madereva waliokamatwa kwa kutumia full vibaya, wakawaambia watazame full za gari zilizo mbele yao, pamoja na kuwatoza faini. Siombi adhabu hiyo iletwe kwetu. Naomba kitu chepesi zaidi. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani askari wetu hukagua magari na kutoa stika. Mkaguzi akimwambia dereva awashe taa, asitosheke kuona zinawaka. Amwambie asimame mbele ya ukuta, na aangalie nuru inapoishia. Chombo cha kupimia hilo ni chaki na ukuta.

Ndivyo tulivyofanya tuliporudi Dar es Salaam. Zile LED zilibaki Yongfu Lu. Tulinunua balbu za H4 za kawaida, wati 60 na 55, na mdogo wangu akazikagua kwa jicho lile lile la Shahe: kitako hakichezi, nyuzi zimenyooka, kijiko kiko mahali pake. Jioni, uani kwake Tabata, alizifunga mwenyewe huku shemeji akimshikia tochi. Tukalisogeza gari hadi mita 10 kutoka ukutani, tukapima urefu wa taa kutoka chini na kuchora mstari wa chaki kwa urefu huo huo. Kisha tukazungusha skrubu ya kurekebishia mpaka nuru ya dim ikaishia sentimita 10 chini ya mstari, ikipanda kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wanakotembea watu.

Halafu nilimwomba achukue kigoda, akakiweke karibu na ukuta, upande wa kulia wa gari, akae hapo, macho yake yawe kwenye kimo cha dereva anayekuja. Shemeji akawasha dim. Nilimtazama mdogo wangu usoni. Nuru ilimfika kifuani ikakomea hapo. Juu yake uso ulikuwa kwenye kivuli, macho wazi, akituangalia.

Safari hii hakuinua mkono.