Jarida Halipimwi kwa Umri

Jarida la fasihi linalotoa matoleo matatu kisha likanyamaza huhesabiwa kuwa limeshindwa. Hukumu hiyo hutolewa na wafadhili, na walimu, hata na waandishi wenyewe: matoleo matatu ni machache, hamsini ni mengi, basi la hamsini ndilo lililofaulu. Katika miji iliyo mbali na wachapishaji, hukumu hutangulia hata toleo la kwanza. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa aina hiyo. Anayewaza kuanzisha jarida huko huulizwa kwanza litadumu miaka mingapi, na akikosa jibu hushauriwa aache. Imani hiyo ni potofu, na imewanyamazisha waandishi chipukizi wengi kuliko uhaba wa karatasi.

Kosa lake la kwanza ni kupima jarida la fasihi kwa kipimo cha gazeti la habari. Gazeti huuza leo ili kesho liuze tena. Lisipotoka, msomaji huhamia kwingine, na habari za jana hazina mnunuzi. Kazi ya jarida la fasihi ni nyingine. Hupokea maandishi mengi na kuchagua machache. Mhariri humrudishia mwandishi hadithi yake ikiwa na maswali pembeni. Aya tatu za mwanzo hukatwa kwa kuwa hadithi inaanza kweli katika aya ya nne. Kisha kazi huchapwa jirani na kazi za wengine na kufika mikononi mwa msomaji asiyemjua mwandishi wala ukoo wake. Aliyepitia hatua hizo mara moja hawi tena yule wa awali. Faida hiyo hupatikana yote ndani ya toleo moja, na toleo linalofuata likikosekana haifutiki.

Historia ya fasihi ya Afrika Mashariki inathibitisha jambo hilo. Wanafunzi wa Makerere walianza kutoa jarida la Penpoint mwaka 1958. Lilikuwa jarida dogo la chuo, na sasa halipo. Lakini mwaka 1960 lilichapisha hadithi fupi ya mwanafunzi ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Nairobi, mwaka 2003, Binyavanga Wainaina na wenzake walianzisha jarida la Kwani?, na humo ikatoka hadithi ya Yvonne Owuor, "Weight of Whispers", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka huohuo. Kama Kwani? lingefungwa kesho yake, hadithi hiyo ingekuwa imekwisha kusomwa na mwandishi wake amekwisha kujulikana. Hakuna mtu anayefungua kitabu cha Ngũgĩ akauliza Penpoint liliishi miaka mingapi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba umri mrefu ni ushahidi wa afya. Mara nyingi ni ushahidi wa mlezi mwenye nguvu. La Voix du Congolais lilitoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuanzia 1945 hadi 1959, chini ya idara ya habari ya serikali ya kikoloni, likiwa na mhariri Antoine-Roger Bolamba. Miaka hiyo ni mingi kwa jarida lolote la Kongo. Hata hivyo, mwaka wake wa kwanza Paul Lomami Tshibamba alichapisha humo makala yaliyouliza Wakongo watakuwa na nafasi gani katika dunia inayokuja, nayo yakamletea mateso mikononi mwa wenye mamlaka. Jarida likaendelea kutoka, mwandishi akaondoka. Riwaya yake Ngando ilipata tuzo Brussels mwaka 1948, na mwaka 1950 alikuwa ng'ambo ya mto, Brazzaville, akiliongoza jarida la Liaison. Hilo lilikoma baada ya miaka kumi hivi, lakini katika muda huo Jean Malonga, Sylvain Bemba na wenzao walipata pa kuandikia, na kizazi kizima cha waandishi wa Kongo-Brazzaville bado kinatajwa kwa jina lake.

Jarida la Transition ni mfano mkali zaidi. Rajat Neogi alilianzisha Kampala mwaka 1961. Mwaka 1963 lilichapisha insha ya Obi Wali iliyodai kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya imeshika njia isiyotoka, na mabishano aliyoyawasha hayajazimika mpaka leo. Mwaka 1968 serikali ya Uganda ilimtia Neogi gerezani kwa sababu ya maandishi yaliyotoka humo, na jarida likahamia Ghana. Anayesema kwamba Transition la Kampala lilishindwa anamtoza aliyepigwa deni la aliyepiga. Lilifungiwa mlango kwa sababu lilikuwa limefanya kazi yake vizuri mno.

Katanga, ambako Kamina imo, nayo ina ushahidi wake, tena wa karibu. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa wamefanya kazi katika nyumba za Wazungu mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kilitoa historia ya mji wao, mwandishi wake akiwa André Yav. Jina la andiko hilo lilikuwa la Kifaransa, Vocabulaire de la ville d'Élisabethville, lakini maneno yake yalikuwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa sokoni na jikoni. Lilipigwa chapa kwa taipu na kurudufiwa, bila mchapishaji na bila duka la vitabu. Kwa kipimo cha umri, andiko la mara moja tu ni sifuri. Nakala moja ilimfikia mtaalamu Johannes Fabian, naye akalitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na uchambuzi. Leo hakuna anayeandika historia ya Lubumbashi kwa uaminifu akaliruka. Nakala chache za karatasi duni zilifanya ambalo ahadi ya matoleo hamsini isingefanya.

Gharama ya kukosa karatasi hizo inaonekana wazi kwa Waluba, ambao Kamina imo katika nchi yao. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, aliishi kati ya Waluba wa Katanga, akaandika La philosophie bantoue. Kitabu hicho kilitolewa Élisabethville mwaka 1945 na Lovania, nyumba ndogo ya uchapishaji, kisha mwaka 1949 kikatolewa Paris na Présence Africaine, na wanafalsafa wa Afrika wamekibishania tangu hapo. Waluba walielezwa duniani kote juu ya fikra zao wenyewe, wakati wao hawakuwa na ukurasa mmoja wa kujibia. Wapinzani wake wakubwa walitoka kwingine. Jarida dogo la mkoani, hata la matoleo mawili, lingeweza kubeba jibu la mzee mmoja au mwalimu mmoja wa kijijini. Halikuwapo, na jibu hilo halipatikani tena.

Imani inayopingwa hapa ina chembe ya ukweli. Mwandishi chipukizi anahitaji kuitikiwa zaidi ya mara moja, na msomaji hujenga mazoea kwa kurudia. Zaidi ya hayo, yapo majarida yaliyoshindwa kweli. Hayo ni yale yaliyochapa kila kilicholetwa bila kuhariri. Yaliyojaza kurasa kwa mashairi ya jamaa wa mhariri. Yaliyobadili lugha na mada kila mfadhili alipobadilika. Na yale ambayo hayakuacha nakala hata moja mahali pa kudumu. La mwisho ndilo baya kuliko yote. Jarida likikoma na nakala zake zikabaki maktabani, limemaliza tu safari. Likikoma bila nakala, ni kama halikutoka.

Kwa hiyo swali linaloifaa Kamina ni hili: je, mji unaweza kutoa toleo moja zuri? Hesabu yake haitishi. Karatasi 8 za A4 zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati hutoa kijitabu cha kurasa 32. Nakala 100 zinahitaji karatasi 800; zikinunuliwa rimu mbili, karatasi 200 zinabaki kwa jalada na kwa zilizoharibika. Kibanda cha fotokopi na mashine ya kubana kurasa vinatosha. Kamina ni njia panda ya reli: njia moja inatoka Lubumbashi, nyingine inaelekea Kananga na Ilebo, nyingine Kabalo, Kalemie na Kindu. Treni huchelewa, lakini hadithi haichachi kama habari. Kifurushi cha nakala kikifika baada ya majuma mawili kinasomwa vilevile. Mji una walimu, wanafunzi wa chuo kikuu, wanakwaya na watangazaji wa redio, na una lugha tatu za kuandikia: Kiswahili, Kiluba na Kifaransa. Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya 2006, kwa hiyo hakihitaji ruhusa ya mtu kuingia kwenye kurasa hizo.

Wapo wanaosema kwamba tuzo na simu zimeondoa haja ya jarida. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, ni msaada mkubwa, lakini hupokea miswada yenye urefu wa kitabu. Kijana ambaye hadithi yake ya kurasa tano haijawahi kuhaririwa na mtu hafiki huko kwa kuruka. Kundi la simu nalo humpa sifa ndani ya dakika moja, wala halimkatii sentensi. Simu ikipotea, hadithi imekwenda nayo. Vyote viwili huzaa matunda pale tu palipo na mhariri, na mhariri hufundwa na jarida.

Wafadhili, shule na maktaba wana wajibu wa kubadili maswali wanayouliza. Badala ya kudai mpango wa miaka mitano, waulize maandishi mangapi yalikataliwa na kwa nini, kazi ya mwandishi gani ilichapwa kwa mara ya kwanza, na nakala zimewekwa wapi. Jarida lenye majibu ya maswali hayo linastahili fedha za toleo moja, hata kama wahariri wake wametangaza tangu mwanzo kwamba watatoa matatu tu. Lisilo na majibu halistahili, hata likiwa na umri wa miaka thelathini.