Mbano wa Sauti na Hatima ya Nyimbo za Mahoo

Santuri imekwisha, kanda imekwisha, na hata sahani ya sidii imo mbioni kusahaulika. Mkaazi wa Mahoo, kata iliyo ubavuni mwa mji wa Taveta katika Kaunti ya Taita Taveta, akitaka kusikiliza muziki leo hutia mkono mfukoni na kutoa simu. Nyimbo zake zimo katika kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba: Bongo Fleva iliyovuka mpaka kupitia Holili, nyimbo za injili kutoka Nairobi, taarabu ya Mombasa, na pengine wimbo wa arusi uliorekodiwa na jirani. Karibu zote zimebanwa. Zimebanwa kwa kiasi gani, na ni nani aliyeamua, ni maswali ambayo wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuwaachia mafundi wa tarakilishi. Mazoea hayo yana hasara, kwani mikono ileile inayobana nyimbo za kujiburudisha ndiyo inayotumwa nyanjani kukusanya fasihi simulizi, na haibadiliki inapofika huko.

Yafaa kwanza ieleweke mbano wenyewe ni nini. Sahani ya sidii huhifadhi sampuli 44,100 za sauti katika kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, kwa mikondo miwili ya kushoto na kulia. Jumla yake ni takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama sehemu moja tu ya kumi na moja ya kiasi hicho. Sehemu kumi zilizobaki zimekwenda wapi? Baadhi ni marudiorudio ya hesabu ambayo yangeweza kufupishwa bila hasara yoyote. Nyingi, hata hivyo, zimetupwa kwa makusudi. Wataalamu walioibuni MP3, wengi wao wakiwa wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, walitumia udhaifu wa sikio la binadamu: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, kama vile kishindo cha lori kinavyoyafunika mazungumzo ya kando ya barabara. Kinachofunikwa hakisikiki, na kisichosikika hakina haja ya kuhifadhiwa. Kiwango hicho kilichapishwa mwaka 1993. Miaka miwili baadaye faili hizo zikapewa tamati ya jina inayojulikana hadi leo.

Hoja hii ina akili kubwa ndani yake, na wanaoibeza hawaitendei haki. Chukua kijana wa Mahoo mwenye kadi ya gigabaiti 2. Akitia nyimbo za dakika nne nne kwa ubora wa sidii, kadi itajaa kabla ya kufikia nyimbo 50. Kwa kilobiti 128 atatia takriban 500. Naye huzisikilizia wapi? Katika kipaza sauti cha simu, katika matatu iendayo Voi, au shambani kwenye migomba huku maji ya mfereji yakipita. Kumwambia kijana huyo kwamba amepotoka kwa kutochagua kilobiti 320 ni kumwonea. Aidha, watu wengi wakifanyiwa jaribio la haki, yaani wasiambiwe ni faili ipi wanayoisikiliza, hushindwa kuitofautisha MP3 iliyotengenezwa vizuri kwa kilobiti 192 au 256 na sidii yenyewe. Wanaojigamba kwamba masikio yao hutambua kila kitu na wajaribiwe hivyo kwanza. Isitoshe, uwezo wa kusikia sauti za juu kabisa hupungua kadiri umri unavyosonga. Mzee wa miaka 60 hapotezi chochote programu inapokata sauti zilizozidi hezi 16,000, maana kwake zilikwishanyamaza zamani.

Kwa hivyo, katika usikilizaji wa kujiburudisha, uamuzi wa Mahoo ni uamuzi wa busara. Ushauri wa ziada ni mdogo: asishuke chini ya kilobiti 128 kwa muziki, na akiwa na nafasi apande hadi 192. Hapo mjadala wa burudani ungeweza kufungwa.

Tatizo huanza pale sauti inaponaswa kwa mara ya kwanza. Ni vyema kukumbuka jinsi MP3 yenyewe ilivyosumbua ilipokuwa ikitengenezwa. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wabunifu wake wakuu, alitumia wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", ambao ni sauti ya mwanamke mmoja akiimba bila ala yoyote. Sauti hiyo, ambayo mtu angeidhania kuwa nyepesi kubanwa, ilitoka imeharibika vibaya, na mfumo ukabidi kurekebishwa tena na tena. Sauti tupu haina cha kuifichia makosa. Majaribio mengine yalitumia kastaneti, vile vijiti vya mkononi vya Kihispania, kwa kuwa mlio wake huanza ghafla. Programu ya kubana huikata sauti vipande vifupi. Fremu moja ya MP3 ina sampuli 1,152, yaani kiasi cha milisekunde 26. Pigo la ghafla likiangukia katikati ya kipande, uchafu unaotokana na mbano husambaa hadi mbele ya pigo lenyewe, na sikio husikia mvumo hafifu kabla ya mkono kuigusa ngoma.

Msomaji wa fasihi simulizi hana budi kuziona hapo sura anazozijua. Sauti ya mtu mmoja isiyo na ala ndiyo sauti ya mghani, ya mama abembelezaye mtoto, ya mzee atambaye ngano. Mapigo ya ghafla ndiyo roho ya ngoma. Mwazindika, ngoma ya Wadawida ambayo asili yake huhusishwa na kupunga pepo, husimama juu ya mapigo hayo. Ukiyatia ukungu, umelainisha kile kilichokusudiwa kutikisa. Na kayamba je? Ala hii ijulikanayo Pwani nzima, matete yaliyofumwa na kutiwa mbegu, hutoa mchakacho uliotapakaa katika masafa yote ya sauti kwa wakati mmoja. Hakuna kinachoishinda programu ya kubana kuliko mchakacho wa namna hiyo. Kwa kilobiti 64 kayamba huacha kuwa kayamba; huwa kama maji yanayomiminwa ndani ya debe. Msikilizaji anayeifahamu atasamehe, kwa sababu kumbukumbu yake itajaza pengo. Atakayezaliwa baada ya mafundi wa kayamba kuondoka hatakuwa na kumbukumbu ya kujazia.

Hali ni mbaya zaidi pale mwanafunzi anapotumia kinasa sauti cha simu bila kukichunguza. Simu nyingi za miaka ya 2000 zilinasa kwa mfumo wa AMR uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, wenye upeo wa kilobiti 12.2 kwa sekunde na masafa yanayokomea karibu na hezi 3,400. Saa nzima ya mahojiano iliingia katika megabaiti tano na nusu hivi, jambo lililofurahisha wengi. Lakini nguvu kubwa ya sauti /s/ iko juu ya hezi 4,000, nje kabisa ya mlango huo. Ndiyo maana kwenye simu /s/ na /f/ hukaribiana mno. Mswahili akisikia "nisumbue" au "nifumbue" huamua kwa muktadha, wala hatambui kwamba ameamua. Vivyo hivyo kwa "suka" na "fuka". Anayenukuu wimbo wa Kitaveta au wa Kidawida, hali lugha hiyo si yake, atategemea muktadha upi? Atakisia, kisha akisio lake litachapishwa katika tasnifu, na baada ya miaka 20 litanukuliwa kama neno la wahenga. Simu za sasa zina uwezo mkubwa zaidi, lakini mazoea yamehamia penginepo: mahojiano hutumwa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, uliobanwa kwa ajili ya maongezi, halafu faili ya awali ikafutwa ili kupata nafasi.

Taveta si mahali pa kufanyiwa mzaha wa aina hii. Watu wa lugha nyingi wamekutana hapo, Wataveta wenyewe, Wadawida, Wakamba, Wapare, na wengine wengi walioletwa na mashamba ya mkonge na soko la mpakani. Kitaveta kina wasemaji wachache kikilinganishwa na lugha zinazokizunguka, nacho Kiswahili kinazidi kutawala vinywa vya vijana. Wimbo wa kazi au wa jando ukinaswa hapo huenda usipate wa kuunasa mara ya pili.

Thamani ya mnaso wa kwanza inaonekana kwa mifano ya humu humu Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba "Chemirocha", wimbo uliotokana na jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani. Zaidi ya miaka 60 baadaye rekodi hiyo ilirudishwa kwa jamii iliyoiimba. Iliwezekana kwa kuwa Tracey alitumia vyombo bora alivyoweza kuvipata na kuihifadhi nakala ya awali. Naye Fadhili William, mwana wa Taita aliyefariki mwaka 2001, aliiacha sauti yake katika santuri. Mzozo wa nani aliyeutunga "Malaika" haujaisha, ila angalau wanaojadiliana wana rekodi za zamani za kusikiliza na kulinganisha. Nyimbo nyingi za Mahoo hazina hata hicho cha kuzozaniwa.

Pingamizi la kawaida ni kwamba wanafunzi hawana fedha. Na tupigwe hesabu. Kunasa kwa sampuli 48,000 na biti 24 bila mbano wowote, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, huchukua takriban gigabaiti moja kwa saa kwa mikondo miwili, na nusu yake kwa mkondo mmoja. Kadi ya gigabaiti 32 itabeba kama saa 30. Hakuna tasnifu ya shahada ya kwanza iliyowahi kuhitaji saa 30 za nyimbo. Simu ile ile iliyo mkononi, ikiwekewa programu inayonasa kwa WAV, hufanya kazi hiyo, ingawa maikrofoni yake ni dhaifu na upepo wa Taveta ni adui mkubwa. Baadaye, kwa kuhifadhi, faili zinaweza kupunguzwa kwa FLAC, mfumo uliotoka mwaka 2001, ambao huikaribia nusu ya ukubwa bila kutupa hata biti moja. Uhaba wa fedha si sababu tena. Sababu iliyobaki ni kwamba hakuna anayeuliza. Mhadhiri husahihisha nukuu na uchanganuzi. Ni mara chache kuitisha faili yenyewe na kutazama ilinaswaje.

Inafaa vyama vya Kiswahili vyuoni vianzie hapo: kila kazi ya nyanjani iwe na nakala mama isiyobanwa, ikae maktabani, na jina la faili liambatane na mahali, tarehe, ala zilizotumika na ridhaa ya waimbaji. Waimbaji nao wapewe nakala yao siku hiyo hiyo, na hiyo iwe MP3, kwa kuwa ndiyo itakayoingia katika kadi zao na kupigwa kwenye arusi. Kuwapa WAV ni kuwapa mzigo wasioweza kuubeba. Kuwanyima kabisa, kama ilivyo desturi ya watafiti wengi, ni aibu.

Zimesalia faili za zamani, zile za AMR na MP3 za kilobiti 32 zilizorundikana katika tarakilishi za idara. Kuna wanaozigeuza kuwa kilobiti 320 wakiamini kwamba wameziboresha. Kilichotupwa hakirudi kwa kuongezewa nafasi. Kinachoongezeka ni ukubwa wa faili, na kila mbano mpya juu ya mbano wa kale huzidisha uchafu, kama kanda zilizonakiliwa kutoka kwa kanda zilivyozidi kuvuma. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mtafiti ajaye ataiona namba 320 na kudhani ana sauti kamili. Faili hizo ziachwe zilivyo, zinakiliwe biti kwa biti mahali pawili, na ziandikwe waziwazi zilinaswa kwa chombo gani. Na kama mwimbaji yu hai, nauli ya kwenda Mahoo itafutwe.