Magome ya Upare na Mwili wa Biharusi

 

Siku hizi, pamoja na liwa, singo na udi, katika vitu vya biharusi huingia pia vipakiti vya unga wa magome. Tunaambiwa umetoka bara, milima ya Upare juu ya Same. Unasafisha damu na kung'arisha ngozi. Na sasa limeongezwa neno la kitaalamu: una antioksidanti nyingi. Sisi magome hatuyakatai. Tunachokataa ni kumnywesha biharusi kitu kisicho na jina wala kipimo, kwa sababu ya neno hilo moja.

Gome lina heshima yake. Mdalasini tunaotia kwenye pilau ni gome. Kwinini, iliyookoa roho za watu wengi kwa malaria, ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika ya Kusini, na Wajerumani waliupanda mti huo Amani, katika milima ya Usambara, jirani na Upare. Lakini mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye gome, na hapo ndipo kiasi kikaweza kupimwa sawasawa. Kipimo ni jambo kubwa, maana kwinini ikizidi huleta mvumo masikioni na hata uziwi.

Sasa hilo neno antioksidanti. Mtaalamu huloweka gome katika maji au spiriti, akachuja, kisha akatia maji yake kwenye kemikali ya rangi ya zambarau. Rangi ikififia kuwa njano, gome limefaulu. Na magome mengi hufaulu, kwa sababu mti hujaza tanini kwenye gome lake kujikinga na wadudu na ukungu. Chai yetu ya rangi na karafuu zetu pia hufaulu. Jaribio hilo ni la kweli na lina faida kwa watafiti, lakini limefanyika ndani ya kichupa. Halijasema lolote kuhusu ini lako, figo zako wala ngozi yako.

Tena si kila antioksidanti ni kheri kwa kila mtu. Katika utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 1994, wanaume 29,133 wavutaji sigara waligawanywa mafungu. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni antioksidanti, walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa.

Karibu zaidi na sisi, tanini hiyo hiyo hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha na maharage, mwili ukashindwa kuyachukua vizuri. Wanawake wengi wa kwetu wana upungufu wa damu. Biharusi anayekunywa magome pamoja na chakula kila siku ili "asafishe damu" huenda anajipunguzia damu yenyewe. Na akishaolewa, mimba huweza kuingia kabla hajajua, naye bado anakunywa.

Kuna na haki ya mti. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka hadi mizizini kupitia sehemu ya ndani ya gome. Ukilibandua gome kuuzunguka mti, mizizi hufa njaa na mti hukauka. Prunus africana, mti wa misitu ya milima ya Afrika ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume Ulaya, uliwekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa mwaka 1995 kwa sababu ya kubanduliwa kupita kiasi. Juu ya Same kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, yenye kilele cha Shengena, mita 2,462. Msitu ule ndio unaotunza maji ya mito, na Wapare tangu zamani huyakusanya kwenye ndiva zao kumwagilia mashamba. Uzuri wa siku moja ya harusi usikaushe shamba la mwanamke mwenzetu kule chini.

Basi tufanyeje? Somo au wifi akikuletea unga, muulize kwa adabu: mti gani? Sehemu gani ya mti? Kiasi gani, kwa siku ngapi? Nani asinywe? Mganga wa kweli wa tiba asili anayajua haya na haoni vibaya kuulizwa. Bara sheria ya tiba asili ipo tangu mwaka 2002, na waganga husajiliwa. Asiyejua mti wake, mrudishie kipakiti chake kwa upole. Mwenye mimba, anayenyonyesha au anayetumia dawa za hospitali asinywe gome lolote kabla ya kumwambia daktari. Liwa na singo zibaki kwenye ngozi, ndipo mahali pake.

Dini yetu imetuamrisha kutafuta dawa, na imetukataza kujidhuru. Mwili ni amana, na msitu pia ni amana. Tunawaombea ndoa zenye mapenzi, afya na huruma. Amin.